Bandari Isomwayo kwa Jicho Moja: Tahakiki ya Maandishi juu ya Ibo na Miji ya Kale ya Pwani

Mtu akitaka kuandika juu ya bandari ya kale siku hizi, njia yake imekwisha kuchongwa. Ataanza na ngome, atataja mwaka ilipojengwa na taifa la walioijenga, atasifu unene wa kuta zake, kisha atamalizia kwa kusikitika kwamba mvua na mizizi ya miti vinazila. Makala za namna hiyo tumezisoma nyingi, tena tumezitumia madarasani kuwa mazoezi ya ufahamu, na hatukatai kwamba zina manufaa. Lakini kadiri tunavyozisoma ndivyo tunavyozidi kuona kwamba zinaisoma bandari kwa jicho moja. Katika kurasa hizi tungependa kuzihakiki, tukichukua kisiwa cha Ibo, katika mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kuwa mfano wetu mkuu.

Yafaa tueleze kwanza mahali tunaposimama. Awasse si bandari. Ni mji mdogo wa njia panda katika wilaya ya Mocímboa da Praia, ambapo barabara itokayo kusini, upande wa Macomia, hukutana na ile ipandayo nyanda za juu za Mueda na ile ishukayo baharini. Hapa hapana ngome wala gofu la kumvuta mgeni. Huenda ndiyo sababu tunayasoma maandishi juu ya bandari kwa ukali kidogo, kwa maana mtu wa njia panda anajua kwamba bandari haianzii ufukweni. Pembe, nta, mpira, na kwa muda mrefu wanadamu wenyewe, vyote vilitoka bara, vikabebwa kwa vichwa na mabega kabla havijaona maji ya chumvi. Mwandishi anayeanza hadithi yake gatini ameanza katikati.

Haya, tuitazame Ibo. Kisiwa hiki ni kimojawapo cha funguvisiwa la Quirimbas. Kina ngome tatu. Iliyo maarufu kuliko zote ni São João Baptista, yenye umbo la nyota, iliyojengwa mwaka 1791; kabla yake ilikuwapo São José ya mwaka 1760, na baadaye, katika karne ya 19, ikaja Santo António. Kuna nyumba za mawe zenye vibaraza vipana na nguzo nene zilizotazama barabara, nyumba za Wareno, za Wagoa, za wafanyabiashara wa Kihindi na za watu wa pwani wenyewe. Kampuni ya Niassa, iliyopewa hati mwaka 1891 kuitawala sehemu hii ya Msumbiji, iliweka makao yake hapa kwanza, kisha ikayahamishia Porto Amélia, mji uitwao leo Pemba, kwa sababu ghuba ya Pemba ina kina nayo Ibo haina. Meli kubwa haziingii Ibo. Hata mashua hungojea maji kujaa, kwani maji yakitoka hubaki tope na mikoko. Basi mji ukaachwa, biashara ikahama, nyumba zikabaki.

Hayo yote utayapata katika makala yoyote ya kawaida, na ni kweli. Tatizo letu ni maneno yanayotumika kuyasimulia. Ngome husifiwa kwa “uimara” na “umaridadi”, mji kwa “utulivu wake wa kale”. Lakini katika nusu ya pili ya karne ya 18 Ibo ilikuwa soko la watumwa waliopelekwa visiwa vya Wafaransa, yaani Mauritius na Réunion za leo, kwenye mashamba ya miwa. Mwaka 1791 uko ndani ya kipindi hicho hicho. Hatusemi kwamba kila jiwe la ngome lilinunuliwa kwa mtu, wala hatusahau kwamba kisiwa kilikuwa na maadui wa kweli: mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava wa Madagascar walivuka bahari kwa ngalawa zao nyingi wakaishambulia pwani hii. Tunasema tu kwamba msomaji akiambiwa ngome ni “maridadi” asiambiwe ilikuwa inalinda mali gani, amedanganywa kwa ukimya.

Hapa ndipo lugha yetu yenyewe inapotufaa kuliko wahakiki wake. Neno “gereza” limetokana na neno la Kireno “igreja”, maana yake kanisa. Neno la sala limekuwaje jina la kifungo? Maelezo yanayokubaliwa na wanaisimu wengi ni kwamba kanisa la Wareno lilikuwa ndani ya ngome, watu wa pwani wakaiita ngome nzima kwa jina hilo, na kwa kuwa ngome ndimo watu walimofungwa, jina likashika maana ya kifungo. Kule Kilwa Kisiwani ngome ya ufukweni inaitwa Gereza hata sasa. Ngome ya Yesu ya Mombasa ilitumika kuwa gereza la Waingereza tangu mwaka 1895 hadi 1958. Ngome ya Lamu ilibaki gereza hadi 1984. Na ngome ya São João ya Ibo, katika miaka ya Salazar na waliomfuata, ilifungiwa wapinzani wa ukoloni, na wengi waliingia wasitoke. Twaona basi kwamba msemaji wa Kiswahili asiyejulikana, karne kadhaa kabla ya vitabu vya watalii, alilitazama jengo hili akalipa jina lililoeleza kazi yake. Huo ni uhakiki wa majengo, tena uhakiki mfupi usio na kifani. Sisi waalimu tunalifundisha neno hilo katika orodha ya maneno ya mkopo, baina ya “meza” na “mvinyo”, kisha tunapita.

Jambo la pili ni ujenzi wenyewe. Maandishi mengi husema nyumba “ilijengwa na” fulani, na huyo fulani aghalabu ni gavana au tajiri. Gavana hakuchanganya chokaa. Mawe ya matumbawe yalikatwa. Mengine yakapangwa juu ya lundo kubwa la magogo, yakachomwa usiku na mchana hata yakawa chokaa. Chokaa ikamwagiwa maji, ikaachwa ipoe na kukomaa kabla ya kuguswa na mwashi. Kila hatua ina watu wake na istilahi yake. Vivyo hivyo boriti. Katika nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar vyumba ni virefu na vyembamba, upana wake haupiti sana mita 3, na mgeni hudhani ni desturi ya faragha. Sababu iliyo karibu zaidi ni kwamba dari ililazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Mkata mikoko, aliyezama topeni hadi magotini, ndiye aliyeamua upana wa sebule ya tajiri. Mwanafunzi akilijua hilo hatalitazama tena jengo la kale kama kitu kilichoshuka kutoka katika akili ya bwana mkubwa mmoja.

Tukitoka Ibo tukashuka kusini hadi Kisiwa cha Msumbiji, kilichokuwa makao makuu ya koloni hadi mwaka 1898, tunakuta mfano ulio wazi zaidi. Kisiwa hicho kiliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1991, na maelezo ya uteuzi wake yaliusifu umoja wa usanifu wake, kwamba tangu karne ya 16 umetumia mbinu zile zile na vifaa vile vile, mawe au makuti. Mawe au makuti! Tunawapongeza walioandika hivyo, kwani waliyaweka mawili hayo katika mizani moja. Waliofuata ndio walioshika mawe wakayaacha makuti. Mji wa Makuti, ambao Wareno nao wanauita kwa neno letu hilo hilo, wakiliendeleza kwa herufi ya “c”, uko chini kuliko Mji wa Mawe, kwa sababu umejengwa ndani ya mashimo yalikochimbwa mawe ya mji ule wa pili. Mvua ikinyesha maji hujaa huko. Sidhani, au tuseme hatudhani, kwamba kuna sentensi ya historia iliyo wazi kuliko mteremko huo, na makala ya kawaida huuruka ili iwahi kufika kwenye kanisa dogo la Nossa Senhora do Baluarte la mwaka 1522.

Tunakuja sasa kwenye pengo kubwa kuliko yote, nalo ni chombo. Inawezekanaje kuandika kurasa kumi juu ya bandari pasipo jahazi hata moja, isipokuwa lile la pichani lililo mbali na machweo ya jua? Tunajua jibu: jiwe hubaki, ubao huoza. Lakini ujuzi wa kuunda chombo hauozi mradi kuna wa kuupokea. Mkuku hulazwa kwanza, ndipo mataruma, ndipo mbao. Mianya hukalafatiwa kwa pamba iliyolowekwa mafuta. Ubao hupakwa sifa ili mdudu asiutoboe. Kuna foromali na tanga, kuna joshi na demani. Hilo la mwisho ni kamba ya tanga, na tena ni jina la majira ya mwishoni mwa kusi. Tumewahi kuona swali la mtihani lililotaka maana moja tu. Hata neno “msimu” ni la bahari kabla ya kuwa la mashamba au la mpira wa miguu: limetoka katika Kiarabu, na Wareno wakachukua shina hilo hilo wakapata “monção”, jina lao la pepo hizi zinazotuletea kaskazi na kusi. Mwanafunzi wetu anaweza kuandika insha nzima juu ya ngome na asijue kuitaja sehemu moja ya mashua iliyompeleka babu yake kuvua.

Kuna lugha nayo. Watu wa Ibo na pwani yake husema Kimwani. Mwenzetu wa Unguja akisikia jina hilo atafikiri juu ya mwani utokao baharini, ilhali kwao “mwani” ni pwani. Kimwani si Kiswahili, ni ndugu yake, na undugu huo ni wa bandari. Tena Kiswahili chenyewe kiliandikwa huku. Katika Hifadhi ya Historia ya Msumbiji, mjini Maputo, zimo barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu katika karne ya 19, ambazo masheikh na wakubwa wa pwani hii waliwapelekea maofisa wa Kireno. Mtaalamu Liazzat Bonate aliandika juu ya matumizi ya hati hizo mwaka 2008. Hata hivyo ramani tunazozichora ubaoni humaliza mwambao wa Kiswahili Kilwa, au tukiwa wakarimu, mtoni Ruvuma. Barua hizo ni urithi wa bandari sawasawa na ngome, na zaidi ya ngome, kwa sababu ndani yake anasema mtu wa pwani mwenyewe.

Kwa nini tunalishupalia jambo hili sasa? Kwa sababu tumeona majengo yakienda. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliipiga pwani ya Cabo Delgado na kubomoa nyumba nyingi mno za Ibo. Kabla yake, Oktoba 2017, vita vilikuwa vimeanzia Mocímboa da Praia. Mji huo ulishikwa na waasi Agosti 2020, ukakombolewa mwaka mmoja baadaye, na majengo yake mengi ya umma yakakutwa yameharibiwa. Njia panda yetu ya Awasse nayo ilipiganiwa, ikarudishwa Julai 2021, kwa kuwa aliyeshika njia panda ameshika bandari. Majenerali wanaisoma ramani vizuri kuliko waandishi wa urithi. Na watu walipokimbia, wengi hawakukimbilia ngomeni. Walipanda mashua. Mnamo Oktoba 2020 maelfu walishukia ufukwe wa Paquitequete, mjini Pemba, kwa vyombo vya tanga vilivyosheheni kina mama, watoto na magunia. Manahodha waliovileta walikwenda kwa kujua upepo, maji na miamba, yaani kwa ule ujuzi ambao makala zetu hazina nafasi nao. Anayeandika leo juu ya urithi wa bahari wa Cabo Delgado, akahesabu mizinga ya ngome asizihesabu mashua zile, hatutamkubali kuwa amelimaliza somo lake.

Kuna watakaotujibu kwamba jarida la waalimu si chuo cha kuunda majahazi, na kwamba mwanafunzi hatatahiniwa kuhusu mkuku. Huenda. Lakini mitihani tunaitunga sisi wenyewe. Tunaiomba halmashauri ya wahariri itenge ukurasa mmoja katika kila toleo kwa ajili ya maneno ya chombo na ya ujenzi wa pwani, na kando ya kila neno liandikwe mahali liliposikiwa. Ya upande wa Mocímboa na Palma tutayaleta sisi. Wenzetu wa Kilwa, Unguja na Lamu walete yao, hata kama hayalingani na yetu. Hasa kama hayalingani.