Sifa za Anayetangulia Njia

Tulikuwa wachoraji sita, na kila mmoja alishuka garini na daftari mkononi. Mzee aliyekuja kutupokea pale Kolo aliyatazama madaftari yetu, akatutazama na sisi, kisha akasema kwa upole, "Hayo yatieni mkobani kwanza, wanangu. Tukifika nitawaambia." Tukatii, ingawa kwa shingo upande. Mchoraji aliyenyang'anywa kalamu hujiona kama mvuvi aliyeambiwa aache ndoano nyumbani.

Kolo ni kijiji kilicho kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Arusha, kaskazini ya mji wa Kondoa, katika nchi ya Warangi. Juu yake vimesimama vilima vya mawe vinavyotazama Bonde la Ufa, na katika mapango na chini ya vibamba vya miamba yake watu wa kale waliacha michoro. Eneo hilo, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 2,336, liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Idadi ya miamba yenye michoro haijakamilika kuhesabiwa. Hukadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Kazi hiyo ya kuchora iliendelea kwa muda usiopungua miaka 2,000. Hayo yote nilikwisha kuyasoma kabla ya safari, na picha zake nilikwisha kuziona vitabuni. Nilidhani nakwenda kuhakikisha tu.

Njia ya kupanda Mungomi wa Kolo ni ya mawe, na jua la Kondoa halina huruma. Mzee alitangulia kwa mwendo ambao mwanzoni niliuona wa kutuchelewesha. Kila baada ya hatua kadhaa alisimama, akatuonyesha mti, akatuonyesha korongo lililokatwa na maji, akatuacha tupumue. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa akiyatayarisha macho yetu. Macho yanayotoka barabarani yamezoea mabango na rangi kali. Yakipelekwa mbio mbele ya mchoro uliofifia, hayataona kitu ila jiwe lenye madoa. Lakini yakipandishwa taratibu, kivuli hiki na wekundu ule wa udongo, hufika yakiwa yamepoa.

Tulipofika juu, hakutupeleka kwenye michoro. Alitusimamisha chini ya mwamba, akatuambia tuupe migongo. Mbele yetu nchi ilifunguka: vichaka, mashamba, vilima vya buluu nyuma ya vilima. Tukakaa hivyo kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Huyo aliyechora alikuwa akiyatazama haya kila alipopumzisha mkono. Sasa geukeni."

Tukageuka. Kwanza sikuona kitu. Kisha mstari mmoja mwekundu ukajitokeza, mwembamba kama unywele, ukawa mguu. Mguu ukazaa kiwiliwili kirefu kilichonyooka, na juu yake kichwa chenye nywele nyingi zilizotuna, au labda ni vazi. Pembeni alikuwapo mnyama. Mmoja wetu alitaka kumwagia mwamba maji kidogo ya chupani ili rangi ikolee, kama alivyosikia wengine hufanya. Mzee akamzuia kwa kiganja. Maji hung'arisha kwa dakika moja na kuiharibu rangi kwa miaka. "Subiri tu," akasema. "Maumbo yatakuja yenyewe." Na kweli, kadiri mwanga ulivyosogea, yalikuja.

Hapo ndipo ninapouona ufundi wa mwongozaji, nao ni ufundi hasa, wenye mikono na kipimo kama useremala. Anajua asimamishe watu wapi, saa ngapi, na ayameze maneno mangapi. Kuna mchoro maarufu wa Kolo wenye watu watano, yule wa katikati ameshikwa mikono huku na huku. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliona humo mtu anayetekwa. Wengine wameona ngoma, au tambiko. Mzee alitueleza maoni hayo kwa sentensi mbili, akanyamaza. Msimulizi mwenye papara angetupa hadithi nzima, nasi tungeshuka na hadithi yake badala ya mchoro.

Huyo Mary Leakey naye aliwahi kuongozwa. Alikuwa binti wa mchoraji wa mandhari, Erskine Nicol, na katika miaka ya 1920, akiwa bado msichana, padri mmoja mpenda mambo ya kale, Lemozi, aliwatembeza yeye na wazazi wake kwenye mapango yenye michoro ya kale ya kusini mwa Ufaransa. Mwaka 1951 msichana yule, sasa mtaalamu, alipiga kambi Kondoa na kunakili kwa mkono wake michoro ipatayo 1,600. Kazi hiyo ilitoka kitabuni mwaka 1983. Kila ninapokifikiria kitabu hicho, namfikiria pia padri aliyetangulia na taa pangoni, mtoto wa mchoraji akimfuata nyuma.

Rangi ile nyekundu ni ngeu, udongo wenye chuma, ndugu wa ngeu ambayo maseremala wetu hupigia mistari juu ya mbao. Inahusishwa na wawindaji, wazee wa kale wa Wasandawe. Juu yake, mahali pengine, imelazwa michoro minene ya rangi nyeupe, inayohusishwa na wakulima waliokuja baadaye. Kugusa ni marufuku. Basi niliinua kidole hewani, mbali na jiwe, nikaufuata mstari wa paja la twiga. Mkono wangu uligundua jambo ambalo jicho halikuliona: mstari ulivutwa mara moja tu, bila kusita. Aliyeuvuta alikwisha kumjua twiga kabla ya kuichovya rangi. Naye alijuaje, kama si kwa kutembea?

Upande mmoja wa mlima hatukwenda. Mzee alisema wapo watu wanaopanda bado kuomba mvua na uponyaji, na mahali pao pana heshima yake. Alituonyesha pia mashimo yaliyochimbwa na wanaoamini kwamba Wajerumani walifukia dhahabu huku wakati wa vita. Aliyatazama kwa huzuni ya mwenye nyumba aliyevunjiwa mlango. Hazina ilikuwa ukutani, na wao wakachimba chini.

Ndipo aliporuhusu madaftari. Tulichora kwa saa nzima bila kusemezana. Nilimchora yule mtu mrefu mwenye nywele, nikaridhika. Miguu ilisimama, shingo ilikaa. Mzee alipita nyuma yetu mmoja mmoja. Kwangu alisimama kidogo.

"Umemchora vizuri, mwanangu," akasema. "Lakini umemhamisha."

Nikainua macho. Mtu yule wa kale hakusimama juu ya utupu kama wangu. Miguu yake ilikanyaga ufa wa mwamba, na ufa ulikuwa ndio ardhi yake; ulishuka kwa mteremko uleule wa kilima cha ng'ambo, kile tulichokuwa tumesimamishwa kukitazama. Mchoraji alilichagua jiwe kwa sababu ya ule mstari ambao hakuuchora yeye. Nami nilikuwa nimeuacha, kwa kuudhania kasoro ya karatasi yake.

Mzee huyo hakuwa na brashi. Kazi yake haitundikwi ukutani, na njia anayoikanyaga hufutwa na mvua ya kila masika. Lakini mstari wa kweli kuliko yote niliouchora siku ile ulitoka kwake. Niligeuza ukurasa, nikaanza upya, na safari hii nikauchora ufa kwanza.