Dale Carnegie: Rafiki au Mteja?

Vitabu vya kujiendeleza huwa hatuvihakiki. Si fasihi, tunasema, basi. Lakini vinasomwa kuliko riwaya tunazozihakiki, na kitabu cha Dale Carnegie cha mwaka 1936, juu ya kupata marafiki na kuwavuta watu, ndicho baba yao.

Carnegie alizaliwa mwaka 1888 huko Missouri, Marekani, mtoto wa wakulima maskini. Aliuza nyama ya nguruwe, akajaribu uigizaji, asifike mbali. Mwaka 1912 aliomba kufundisha kuzungumza hadharani katika YMCA ya New York. Wenyewe wakakataa kumlipa dola 2 kwa kipindi. Akakubali sehemu ya mapato. Siku moja somo lilimwishia mdomoni, akawaambia wanafunzi wasimame waeleze jambo lililowaudhi. Woga ukawatoka. Kwa maoni yangu, hapo ndipo alipokuwa mwalimu hasa: aligundua kwamba mwenye uchungu hakosi maneno.

Tukichunguza maudhui ya kitabu, tunakutana na mwalimu mwingine. Huyu anatushauri tutabasamu, tukumbuke majina ya watu, tukwepe mabishano. Kweli, anasisitiza kuwa sifa zitoke moyoni. Lakini mifano yake mingi ni ya wauzaji, mameneja na matajiri, na urafiki huishia kwenye faida. Ile hasira ya darasani imekwenda wapi?

Sisi Wanyakyusa, kule kwetu Katumba Songwe, tunalo neno ukwangala: kukaa na wenzako, kuongea, kula pamoja, kusaidiana. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa miaka hiyo hiyo ya 1930, alilieleza katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951. Katika vijiji vya marika, anasema, watu walipata amahala, yaani hekima, kwa kuongea na wenzao. Hapo rafiki hatafutwi ili anunue kitu.

Hata hivyo tusiupambe mno ukwangala. Ulikuwa hasa wa wanaume wa rika moja. Carnegie anamfundisha mgeni kusema na mgeni, na mjini ujuzi huo unahitajika. Anayekwenda kwenye usaili wa kazi anaujua umuhimu wake.

Kwa hiyo, wanafunzi wenzangu, kitabu tukisome, ila kwa kukihoji. Wa kumfuata ni yule mwalimu wa 1912. Anayekwepa kila ubishi atapata wateja wengi, lakini hatakuwa na mwenzake wa kumwambia amekosea.