Nasaba, Akdi na Mirathi: Kuitazama Riwaya ya Bumi Manusia

Riwaya hii ya Pramoedya Ananta Toer, mwandishi wa Indonesia aliyefariki mwaka 2006, ilisimuliwa kwanza kwa mdomo kwa wafungwa wenzake katika kisiwa cha Buru. Ilichapishwa mwaka 1980, na mwaka uliofuata ikapigwa marufuku. Wengi wameisifu kwa upande wa siasa. Sisi tunaitazama kwa upande wa nasaba na mirathi, kwani hapo ndipo kilipo kiini chake.

Kisa ni cha Java, mwaka 1898. Sanikem, binti wa Kijava, aliuzwa na baba yake akiwa na miaka 14 kwa Mholanzi Herman Mellema, ili baba apate cheo katika kiwanda cha sukari. Akawa nyai, yaani mwanamke anayewekwa nyumbani bila ndoa. Hata jina lake likapotea: watu wakamwita Ontosoroh, ambayo ni matamshi ya Kijava ya Buitenzorg, jina la shamba la bwana huyo. Shamba hilo aliliendesha yeye kwa akili na jasho lake. Mellema alipokufa, mahakama ya Wazungu ilimpa mwanawe wa ndoa aliyetoka Uholanzi fungu kubwa, na Sanikem hakupata kitu. Binti yake Annelies, aliyekwishaolewa kwa akdi ya Kiislamu na kijana Minke, akachukuliwa kupelekwa Uholanzi, kwa hoja kwamba hajatimiza umri na kwamba ndoa yake haitambuliki.

Mwandishi amefaulu kuonyesha jinsi karatasi ya serikali ilivyoweza kumtenga mtoto na mama aliyemzaa. Baba Mzungu alipomtambua mtoto, mtoto akahesabiwa Mzungu, na mama mwenyeji akawa mgeni kwake.

Hata hivyo tuna neno. Riwaya inaitetea akdi ya Annelies, lakini katika mirathi inamwacha msomaji adhani kwamba dhulma yote ilitoka kwa hakimu Mholanzi. Lau kesi ile ingeletwa kwa kadhi, angesemaje? Tuseme ukweli hata kama ni mchungu: Annelies asingemrithi Mellema. Kwanza, hapakuwa na ndoa baina ya wazazi wake, na mtoto wa namna hiyo hunasibishwa kwa mama yake na humrithi mama. Pili, kwa kauli ya madhehebu manne, Mwislamu na asiye Mwislamu hawarithiani. Lakini kadhi huyo huyo asingeweza kumnyang'anya Sanikem alichokichuma, kwani Qur'ani (4:32) imethibitisha kuwa wanawake wana fungu katika walichokichuma. Wala asingemtenga binti na mama yake.

Kwa hiyo jeraha lilianza kabla ya mahakama. Lilianza siku baba alipopokea fedha mahali pa mahari na kumtoa binti yake bila akdi. Mkoloni aliikuta nyumba imekwisha bomoka mlango, naye akaingia. Riwaya inamlaumu baba huyo kwa tamaa yake; ilipaswa pia kumwuliza kuhusu dini yake.

Historia baada ya kisa hiki inatupa funzo zaidi. Mahakama za dini za Java na Madura, zilizowekwa chini ya kanuni ya mwaka 1882, zilinyang'anywa mirathi mwaka 1937 kwa hoja kwamba sharia haina nguvu ila pale ada ya wenyeji ilipoipokea. Uhuru ulitangazwa mwaka 1945, lakini ilikuwa hadi sheria ya mwaka 1989 ndipo mirathi iliporudi kwa mahakama hizo katika Java. Katika miaka ya 1990 Mahakama ya Juu ya Indonesia ilimpa mtoto asiye Mwislamu sehemu katika mali ya wazazi wake kwa njia ya wasia wa wajibu. Wanazuoni wanahitilafiana juu ya hukumu hiyo, lakini inaonyesha kwamba mlango wa wasia, usiozidi thuluthi, upo kwa yule ambaye mirathi haimfikii.

Tunawashauri wasomaji waisome riwaya hii, kisha kila mmoja ajiulize nyumbani kwake: je, akdi ina mashahidi, mali ya mke imetenganishwa na ya mume, wasia umeandikwa? Anayeyaacha haya humwachia hakimu asiyemjua aamue wanawe ni nani.

Wallahu a'lam.