Beringi, Springi na Mpingo

Mjomba wangu hupandikiza maembe. Kitalu chake kiko nyuma ya nyumba, upande wa Wote, na msimu ukifika hukaa juu ya kigoda tangu alfajiri, ndoo ya vikonyo pembeni, akikata na kufunga mpaka jua limfukuze. Kwa miaka mingi kisu chake kimekuwa nusu ya wembe iliyofungwa kwa ukanda wa mpira kwenye kijiti. Wembe ni mkali, hakuna ubishi, lakini ni mwembamba mno. Ukikutana na mti mgumu hujipinda, na mkato unakuwa na tumbo. Halafu haukai mfukoni. Ndiyo sababu nikaenda kwa mhunzi mmoja wa Kibwezi kumwagizia kisu cha kukunja.

Karakana yenyewe ni mabati juu ya nguzo nne, hatua chache kutoka barabara inayovuka mto Athi kwenda Mutomo na Kitui. Nilidhani ataniuliza kisu kiwe na urefu gani. Badala yake akauliza, "Mjomba wako hukata kwa mkono upi?"

"Wa kulia, mzee."

Akachora kwa chaki juu ya kipande cha bati. Kisu cha kupandikizia, alinieleza, hunolewa upande mmoja tu. Upande wa pili hubaki sawa kama ubao, na ndio unaolala juu ya kijiti ili mkato unyooke. Mtu wa mkono wa kushoto akipewa cha kulia, kila akikata kisu kitamvuta pembeni, naye atadhani ni mkono wake uliochoka.

Tukahamia kwenye lundo la vyuma chini ya meza, na hapo tulikaa asubuhi nzima. Barabara ya Mombasa haiko mbali, na malori yake hayaishi kuacha mali ya mhunzi: springi zilizokatika, beringi za magurudumu, shafti zilizopinda. Mzee akatoa vipande vinne na kuvipanga chini: jani la springi, tupa iliyokwisha meno, pete ya nje ya beringi kubwa, na kisu cha jikoni kilichovunjika mpini, cha chuma kisichoshika kutu.

Mimi nilikwisha chagua moyoni. Utomvu wa mwembe huchoma ngozi na huchafua chuma. Chuma kisichoshika kutu kilionekana ndicho jibu. Mzee alikigeuza geuza kile kisu cha jikoni, kisha akakirudisha kwenye lundo. "Hiki nikikitia motoni sijui nimefika wapi," alisema. Baadaye nilielewa. Chuma cha aina hiyo hutaka joto linalopita nyuzi 1,000, lishikiliwe bila kuyumba, na makaa yanayopulizwa kwa mkono hayana ahadi hiyo. Nilimheshimu zaidi kwa kile alichokikataa kuliko kwa vyote alivyonionyesha siku ile.

Vitatu vilivyobaki alivipeleka kwenye jiwe la mashine, kimoja kimoja, na kuniambia nitazame cheche. Kwanza aligusisha kipande cha nondo ili nipate cha kulinganisha: michirizi mirefu, ya manjano, yenye matawi machache. Springi ikatoa michirizi yenye vichaka njiani. Tupa na beringi zikapasuka karibu kabisa na jiwe, nyota ndogo ndogo zilizosongamana kama fataki. Hizo nyota ni kaboni inayoungua. Springi ya lori huwa na takriban asilimia 0.6 ya kaboni, beringi karibu asilimia 1 pamoja na kromi kidogo, na tofauti hiyo isiyojaza hata kucha ndiyo inayoamua kama kisu kitastahimili kipigo au kitanyoa.

Tupa aliiweka kando. Hunoleka vizuri, lakini mashina ya meno bado yako pande zote, na kila shina ni mahali pa ufa kuanzia. Akabaki na viwili, na ndipo nikagundua kwamba hakuwa anachagua kimoja. Bapa litatoka kwenye beringi. Kutoka kwenye springi ya lori atatoa springi nyingine, ndogo kama kidole, ile inayolala mgongoni mwa kisu na kulizuia bapa lisijifunge lenyewe juu ya vidole vya mtu.

Mpini ulichukua muda mfupi zaidi, ingawa vya kuchagua vilikuwa vingi. Mukau, mti ambao taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, imeushughulikia sana katika vituo vyake vya Kitui na Kibwezi, aliusifu kwa milango na vitanda na kuupita. Ni mwepesi mno kwa vipande vya unene wa milimita 4. Pembe ya ng'ombe ilikuwepo, imekwisha chemshwa na kubanwa kati ya vyuma viwili hadi ikanyooka, nyeusi yenye mawingu ya asali. Niliitamani. Lakini pembe hunywa unyevu na kuutema, na huku kwetu kiangazi hakina huruma. Mwaka wa pili ingeinua kingo. (Wapo wateja, alisema, ambao huuliza kuhusu jino la ngiri, kwa kuwa Tsavo iko jirani. Huwaonyesha mlango. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mchezo na anayekutwa na kitu kama hicho bila kibali.) Mwisho akachukua kijipande cheusi kutoka kwenye mkebe, mabaki ya wachongaji, na kukidondosha kwenye ndoo ya maji. Kikazama moja kwa moja hadi chini, kikagonga plastiki. "Mpingo," akasema, na hatukurudi tena kwenye jambo hilo.

Fuawe yake ni kipande cha reli, kimesimikwa kwenye gogo, uso umeng'aa kama sahani. Alikirithi kwa baba yake. Reli ya kwanza ilipita nchi hii ikielekea Nairobi, ikafika huko 1899. Ile ya SGR ikafuata 2017. Wahunzi, hata hivyo, walikuwepo kabla ya zote mbili. Kwa Kikamba mhunzi ni mutwii, na uko ukoo mzima unaoitwa Atwii. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyekaa Ukambani miaka ya 1911 na 1912, aliwaandika wahunzi hawa katika kitabu chake kikubwa juu ya Wakamba. Mikufu ya Kikamba ya zama hizo ina pete ndogo kiasi kwamba mtu huwaza ilishikwaje. Mzee wangu hajasoma kitabu hicho wala hana haja nacho. Ana koleo mbili, nyundo tatu, tindo, jiliwa, na feni inayozungushwa na gurudumu la baiskeli.

Usiku wa kwanza beringi ililala kwenye majivu. Aliipasha hadi ikaiva, akaizika, na asubuhi ilikuwa imepoa taratibu na kulainika kiasi cha kukatwa. Akaikata kwa tindo, akainyoosha, akaanza kuifua. Nilihesabu mapigo kumi na moja, kumi na mawili, kisha chuma kinarudi motoni. Hapigi kikiwa cheusi, hapo hupasuka. Hakiachi kikawa cheupe hadi kikatoa cheche. Hapo kimeungua na hakuna dawa. Katikati ya hayo mawili kuna rangi ya chungwa bivu, na kazi yote hufanyika humo. Polepole pete ikawa ufito, ufito ukawa jani la urefu wa sentimita 7, na msuka mfupi wa kona nne nyuma yake.

Kuchovya ndiko kulikonitia hofu. Alisubiri jioni, kivuli kiingie, ili aione rangi bila jua kumdanganya. Kwenye mkebe kulikuwa na mafuta, nayo aliyatia joto kwanza kwa kuzamisha kipande cha nondo chekundu. Bapa likawa jekundu; akaligusisha na sumaku iliyotoka kwenye spika mbovu. Ikanata. Akalirudisha. Safari ya tatu sumaku haikunata, maana chuma kikishafika joto fulani huisahau sumaku, na yeye akaongeza pumzi chache za feni, akalizamisha wima.

Tik.

Sauti ndogo, kama kucha ya mtu kwenye kikombe. Mzee alilitoa, akalifuta, akalielekeza kwenye mwanga wa koroboi. Ufa mwembamba kama unywele ulipanda kutoka kwenye makali hadi nusu ya bapa. Kazi ya siku mbili. Nilitafuta neno la kumpa pole, lakini yeye alikuwa amekwisha kuinama chini ya meza kuitafuta nusu ya pili ya pete. Akaipasha, akaizika kwenye majivu, akanawa mikono. "Njoo kesho kutwa," alisema.

La pili halikulia. Tupa mpya ilipopitishwa juu yake iliteleza kama juu ya kioo, dalili kwamba limekuwa gumu. Gumu mno, kwa kweli, lingevunjika likianguka sakafuni. Akalisugua kwa msasa hadi likang'aa, akaliegemeza mgongo kwenye pande la chuma lililotolewa motoni, akangoja. Mgongoni ikajitokeza manjano hafifu, ikatambaa kuelekea makali kama chai inavyopanda kwenye mkate. Manjano ilipofikia makali, rangi ya nyasi kavu, akaliondoa. Kisha akaweka ile springi ndogo, nayo imekwisha fuliwa na kuchovywa, mahali palepale na kuiacha ipite manjano, ipite kahawia, ipite zambarau, hadi ikawa buluu ya shingo ya kanga. Chuma cha manjano hukata. Chuma cha buluu hupinda na kurudi. Aliikaza kwenye jiliwa, akaikunja, akaiachia; ikarudi mahali pake pasipo hata kisingizio.

Kilichofuata si cha kusimulia haraka, kwa sababu yeye hakukifanya haraka. Msuka wa bapa na springi lazima vikutane sawasawa kisu kikiwa wazi na sawasawa kikiwa kimefungwa. Msuka ukipungua kwa unene wa karatasi, bapa linacheza; ukizidi, halifunguki. Mzee aliufukiza msuka kwa moshi wa koroboi hadi ukawa mweusi, akauunganisha na springi kwa pini za muda, akafungua, akafunga, akatoa. Mahali masizi yalipofutika ndipo palipogusana. Akapapiga tupa mara moja, mara mbili tu. Akafukiza tena. Nilihesabu safari 17, kisha nikaacha kuhesabu kwa kuona aibu, kana kwamba ninamhimiza.

Siku ya kufunga pini alikata kipande cha pakiti ya unga wa mahindi, akakipaka mafuta, akakiingiza kati ya bapa na bati la ubavuni. Pini ya shaba akaigonga kwa nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo, pigo jepesi, anazungusha, pigo jepesi, hadi kichwa chake kikatanuka na kukaza. Akaichomoa karatasi. Nafasi iliyoachwa na karatasi ile ndiyo inayoliruhusu bapa kutembea. Vipande vya mpingo alivisawazisha na shaba hadi kidole hakikuweza kusema wapi mti unaishia, akavipaka nta ya nyuki wa Kitui iliyoyeyushwa, akavisugua kwa gunia.

Akakifungua karibu na sikio. Klak. Akakifunga. Klak. Akakiweka mkononi mwangu bila kusema kitu.

Mjomba alikipima kwa mche wenye unene wa kalamu. Alikata kichwa, akapasua katikati, akachonga kikonyo kuwa kabari kwa mikato miwili, mmoja kila upande, bila kurudia. Aliinua ile kabari dhidi ya anga kuona kama ina tumbo. Akaichomeka, akafunga ukanda wa plastiki. Utomvu ulikuwa umekwisha kuacha doa la kijivu kwenye bapa, nami nikaanza kueleza habari za chuma kisichoshika kutu na moto wa makaa. Mjomba akafuta bapa kwenye paja la suruali, pande zote mbili, akavuta mche wa pili karibu.