Chanuo Lifike Ngozini

Mbwa wa kawaida wa mtaani hahitaji chanuo. Manyoya yake huota hadi kimo chake, hufa, hupukutika, na mengine huchukua nafasi. Akijikung'uta mara mbili baada ya mvua, yamekaa sawa. Yorkshire Terrier hakujaliwa hivyo. Nywele zake za singa hukua bila kukoma hadi ziburure sakafuni, na unywele unaokufa hauanguki. Hunaswa katikati ya wenzake, ukajisokota, ukafunga. Asipochanwa na mtu, hana namna ya kujisaidia. Mwaka 2009 watafiti walionyesha katika jarida la Science kwamba sehemu kubwa ya tofauti za manyoya ya mbwa, ndefu kwa fupi, za mawimbi kwa zilizonyooka, inatokana na jeni tatu tu. Ile ya urefu inaitwa FGF5. Na aliyewapandisha wenye badiliko la jeni hiyo linalorefusha nywele, kizazi hadi kizazi, ni binadamu. Nywele hizi tulizitaka sisi. Kwa hiyo kuzichana naona ni deni letu, tena deni lenye raha kulilipa.

Waliomleta mbwa huyu duniani walikuwa watu wa nyuzi. Katika karne ya 19 wafanyakazi kutoka Uskoti walihamia kaskazini mwa Uingereza, kwenye viwanda vya nguo vya Yorkshire na Lancashire, wakaja na mbwa wao wadogo wa kukamata panya. Kutoka kwa mbwa wa aina hiyo alizaliwa Huddersfield Ben mwaka 1865. Aliishi miaka sita tu, lakini uzao wake ulienea hata akahesabiwa baba wa kabila zima. Mimi hupenda kuwawaza watu hao jioni, mikono yao imeshinda ikipitisha sufu kutwa nzima, wakimpapasa mtoto wa mbwa na kujua kwa ncha za vidole kama nywele zake ni hariri au ni pamba. Hukumu hiyo ya vidole ndiyo msingi wa ufundi huu hadi leo.

Jambo la kwanza ambalo fundi halikiuki ni kuchana kabla ya maji. Fundo lililoloweshwa hukaza, na likikauka huwa kama sufu iliyofinyangwa, halifumuki tena. Mbwa huchanwa akiwa mkavu, juu ya meza yenye mkeka usioteleza, nywele zikipuliziwa unyevu kidogo tu ili zisikatike.

Kisha kuna namna ya kuchana. Wengi hupitisha brashi juujuu, mbwa akang'aa, nao wakaridhika. Chini yake, karibu na ngozi, nywele zimeshikana kama jamvi. Chanuo lazima lifike ngozini. Anza chini, kwenye mguu au tumbo. Nywele za juu zinyanyue kwa kiganja, acha mstari mmoja mwembamba, uchane mstari huo kuanzia shina hadi ncha, kisha teremsha mwingine. Ni mwendo wa msusi anayegawa kichwa njia kwa njia bila kuruka hata moja. Brashi ya meno ya waya hutangulia, chanuo la chuma hufuata kukagua kazi. Likipita bila kukwama, songa mbele.

Litakapokwama, utakuwa nyuma ya masikio, kwapani, kwenye kinena au chini ya mkanda wa shingoni, kwa kuwa ndiko nywele husuguana. Hapo ndipo ufundi huonekana. Shina la nywele lishike kwa vidole viwili ili mvuto usifike kwenye ngozi. Nyunyiza wanga kidogo wa mahindi, nyuzi zipate kuteleza. Lipasue fundo kwa vidole kwanza, uligawe mawili, manne. Ndipo uingize jino la mwisho la chanuo kwenye ncha, ukirudi nyuma kidogo kidogo kuelekea shina. Mkasi uwe mbali. Fundo huivuta ngozi na kuiinua ndani yake, na ngozi ya mbwa huyu ni nyembamba mno. Watu wengi wamekata nyama wakidhani wanakata nywele. Fundo lililokwisha kulala bapa juu ya ngozi lipelekwe kwa daktari wa mifugo au kinyozi mwenye mashine. Kumtesa mbwa kwa ajili ya kuokoa urembo ni kosa.

Kuoga kwenyewe ni jambo jepesi. Maji yawe ya uvuguvugu, masikio yakingwe, na shampuu iwe ya mbwa, maana ngozi yetu ina asidi kidogo, pH yake ikizunguka 5.5, na ya mbwa inakaribia 7. Povu lote litoke. Taulo ikamue, isisugue. Mkaushe kwa upepo usio moto huku brashi ikiendelea, mpaka shina lenyewe likauke.

Faida kubwa ya kazi hii, kwa maoni yangu, haimo katika uzuri. Mkono unaopita mwili mzima kila siku huujua mwili huo. Hugundua kupe kabla hajashiba, na kwetu Afrika Mashariki hilo si dogo, kwa kuwa kupe wa mbwa hueneza babesia na erlikia, vijidudu viletavyo magonjwa yawezayo kummaliza mnyama wa kilo tatu. Huhisi uvimbe mdogo kama punje, kucha iliyoanza kujikunja, sikio linalonuka, fizi nyekundu. Nywele ndefu huficha yote hayo machoni. Vidole havifichwi kitu. Hata kile kifundo cha utosini, ambacho wapita njia hukiona pambo, kimefungwa ili nywele zisichome macho. Rangi na manukato sioni vimsaidie nini mbwa, ambaye pua yake ndiyo dunia yake.

Wenye mtoto wa mbwa waanze mapema, kabla nywele hazijawa nyingi: mguu ushikwe, sikio lifunuliwe, brashi ipite mara chache, kisha apewe kipande cha nyama. Akizoea, atalala mezani ukimchana. Na ikiwa nyumba yako haina robo saa ya kumpa kila siku, mkate nywele ziwe fupi mwili mzima, sentimita mbili hivi. Hatapungukiwa kitu. Bado atahitaji brashi mara mbili tatu kwa wiki, na mkono wako juu yake.