Jenta, figo na shahidi anayechelewa

Muuguzi wa wodini akimchoma mgonjwa antibayotiki ya gentamisini, au jenta kama wengi wanavyoiita, huandika tarehe na saa kwenye chati. Tarakimu hizo chache zina thamani kubwa kuliko zinavyoonekana. Jeraha la ghafla la figo mara nyingi halina saa. Mgonjwa wa malaria kali, wa kuhara au aliyekunywa mitishamba hafiki hospitali akijua figo zake zilianza kuumia lini. Jeraha la dawa ya wodini lina saa, na imeandikwa kwa kalamu. Watafiti wa viashiria vya kibaiolojia, yaani kemikali za mwilini zinazofichua ugonjwa, wamekuwa wakiitafuta saa ya namna hiyo kwa miaka mingi. Nitaeleza walivyoitumia, halafu nipime kilichopatikana kwa macho ya mgonjwa wa Nkololo, wilayani Bariadi, mkoani Simiyu.

Tuanze na kipimo tulichonacho. Kriatinini ni taka inayotokana na misuli, na figo huitoa kwa mkojo. Mwaka 1886 Mjerumani Max Jaffe alionyesha kwamba ikichanganywa na asidi ya pikriki kwenye kimiminika cha alkali, rangi ya njano hugeuka kuwa ya chungwa. Maabara nyingi bado zinapima kwa mmenyuko huo. Ni rahisi, ni wa bei nafuu, na una kasoro kubwa moja: unachelewa. Figo zina akiba nyingi, kiasi kwamba karibu nusu ya uwezo wa kuchuja inaweza kupotea kabla kriatinini ya damu haijapanda vya kushtua. Tena hata figo zikisimama leo, taka hiyo huchukua siku moja hadi tatu kujikusanya.

Kasoro ya pili inatuhusu zaidi. Mchukue mkulima wa pamba, mwembamba, aliyekonda zaidi kwa wiki mbili za homa. Tuseme siku ya kwanza ya jenta kriatinini yake ni mikromoli 45 kwa lita, kwa sababu misuli yake ni michache. Siku ya tano ni 80. Karatasi ya maabara haiweki alama yoyote, maana 80 imo ndani ya kiwango cha kawaida kilichochapwa pembeni. Lakini mwongozo wa kimataifa wa KDIGO wa mwaka 2012 unasema kriatinini ikipanda mara 1.5 ya ile ya mwanzo ndani ya siku 7, hilo ni jeraha la ghafla la figo. Ya mkulima wetu imepanda karibu mara 1.8. Anayeiona 80 peke yake atamruhusu aendelee na sindano. Anayeiona 45 na 80 pamoja ataisimamisha.

Wakati mwingine kriatinini humsingizia mtu asiye na hatia. Trimethoprimu, iliyomo ndani ya Septrin, huziba njia ambayo figo hutumia kutoa sehemu ya kriatinini. Namba inapanda ingawa figo haijaguswa, na Septrin humezwa kila siku na watu wengi wanaoishi na VVU. Sefoksitini nayo hubadilisha rangi kwenye mmenyuko wa Jaffe. Hata damu iliyokaa kwenye chupa saa nyingi bila kutenganishwa, labda ikisubiri bodaboda ya kuipeleka maabara kubwa, inaweza kutoa jibu la juu kuliko ukweli.

Sasa tuingie ndani ya figo. Gentamisini, iliyotangazwa mwaka 1963, haivunjwi na ini. Inachujwa na figo karibu yote ikiwa nzima. Sehemu ndogo haitoki. Kwenye kijimfereji cha mwanzo kabisa, ambako mkojo mchanga hupita baada ya chujio, seli zina vipokezi viitwavyo megalini na kubilini. Kazi yao ni kuokota protini zisipotee kwenye mkojo. Jenta inadakwa na vipokezi hivyo, inamezwa, na kurundikana ndani ya seli hadi vifuko vya kumeng'enya taka vivimbe na kupasuka. Kwa kawaida madhara huanza kuonekana kati ya siku ya tano na ya saba ya matibabu.

Vipokezi hivyo hushiba upesi. Dozi yote ikitolewa mara moja kwa siku, vinachukua sehemu yao na nyingine inapita. Dozi ile ile ikigawanywa mara tatu, vinapewa kazi mchana kutwa na usiku. Ndiyo sababu ya dozi moja kwa siku kwa wagonjwa wengi, si kumpunguzia muuguzi kazi.

Jambo jingine huwapotosha hata wazoefu. Tumefundishwa kuangalia mkojo: ukipungua chini ya nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa saa, kwa muda wa saa 6, figo ziko taabani. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni mililita 180, kama nusu chupa ya soda. Kipimo kizuri, ila figo iliyoumizwa na jenta mara nyingi huendelea kutoa mkojo vizuri tu. Mgonjwa anakojoa, ndugu wanafurahi, na seli zinakufa.

Basi watafiti walijiuliza: seli ya kijimfereji inapoumia, inatupa nini kwenye mkojo siku hiyo hiyo? Kundi la Joseph Bonventre lilieleza mwaka 1998 protini inayojitokeza kwa wingi kwenye seli za kijimfereji cha mwanzo baada ya kuumia. Wakaiita KIM-1. Kwenye figo yenye afya haionekani kirahisi. Seli ikijeruhiwa inaiotesha kwenye uso wake, kipande chake kinakatika na kuingia kwenye mkojo.

Uthibitisho wake ulifanywa kwa subira, na hapo ndipo saa ya sindano ilipokuja na manufaa. Panya walipewa sumu za figo zinazojulikana, gentamisini ikiwemo, kwa dozi na siku zilizopangwa. Mkojo ukapimwa, kisha figo zikakatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa darubini. Hukumu ya mwisho haikuwa kriatinini, ilikuwa seli zenyewe. Hilo ni la msingi, maana ukimpima shahidi mpya kwa ushahidi wa yule anayechelewa, utamwona mpya mwongo kila anapowahi kusema kweli. Mwaka 2008 mamlaka za dawa za Marekani na Ulaya zilikubali viashiria saba vya mkojo, KIM-1 kikiwemo, kwa majaribio ya usalama wa dawa kwa panya. Si kwa mgonjwa wodini. Watu husahau sehemu hiyo ya pili.

Kwa binadamu, kiashiria kilichopata jina zaidi ni NGAL. Mwaka 2005 kundi la Prasad Devarajan la Cincinnati lilichapisha utafiti wa watoto 71 waliofanyiwa upasuaji wa moyo. Kwa walioumia figo, NGAL ya mkojo ilipanda ndani ya saa 2, wakati kriatinini ilingoja siku moja hadi tatu. Dunia ikashangilia. Lakini tazama ni nani waliopimwa: watoto wasio na maambukizi, na jeraha lenye dakika inayojulikana kwenye saa ya chumba cha upasuaji.

Sasa mlete mgonjwa wetu. Herufi ya kwanza ya NGAL inasimama kwa nyutrofili, chembe nyeupe za damu zinazokimbilia vijidudu, na protini hii iligunduliwa kwanza humo. Mwili ukipigana na maambukizi, NGAL hupanda hata figo zikiwa salama. Na mgonjwa wa antibayotiki ni nani kama si mtu mwenye maambukizi, au anayedhaniwa kuwa nayo? Kumuuliza NGAL kama jenta imeumiza figo za mtu mwenye usaha kwenye mkojo ni kumhoji shahidi aliyesimama katikati ya vurugu nyingine.

Simiyu kuna vurugu ya ziada: kichocho cha mkojo. Mayai yake hujeruhi kibofu, mkojo ukatoka na damu, protini na chembe nyeupe. Kijiti cha mkojo kitabadilika rangi kabla jenta haijaguswa. Kipimo chochote cha mkojo kitakacholetwa ukanda huu kinapaswa kujaribiwa kwanza kwa watu wenye kichocho wasiotumia dawa yoyote. Sioni sababu ya kukubali kiwango cha mpaka kilichopangwa Cincinnati.

Simaanishi NGAL haina kazi Afrika Mashariki. Nchini Uganda, Anthony Batte wa Makerere na wenzake waliipima kwa watoto wenye selimundu waliolazwa, na ikaambatana na jeraha la figo na hatari ya kifo. Hapo inasema nani yuko hatarini, jambo la maana sana. Kusema ni dawa gani iliyomuumiza ni swali tofauti.

Kuna pia NephroCheck, inayopima protini mbili zinazohusika na seli kusimamisha mgawanyiko wake inapokuwa kwenye dhiki. Utafiti wa Sapphire wa mwaka 2013 uliithibitisha kwa wagonjwa mahututi 728, na Marekani ikaipa kibali mwaka 2014. Ni ya vyumba vya wagonjwa mahututi, na inahitaji mashine yake. Kwa Nkololo siijadili zaidi.

Kwa hiyo, kwa swali la jenta, kura yangu iko kwa KIM-1, kwa sababu rahisi: inatoka kwenye kijimfereji kile kile ambamo jenta hujirundika. Watafiti wa Liverpool walionyesha mwaka 2012 kwamba kwa watoto njiti wanaopewa gentamisini, KIM-1 ya mkojo ilipanda pamoja na matibabu. Njiti ndio wanaoihitaji kuliko wote, maana mchanganyiko wa ampisilini na gentamisini ndio wa kwanza kwa mtoto mchanga mwenye maambukizi, na kriatinini ya siku zake za mwanzo bado ni ya mama yake iliyopita kwenye kondo. Kumtoboa mtoto wa kilo moja na nusu kila siku ili kupima damu ya mama ni kazi bure. Mkojo wake hukusanywa kwa kuweka pamba safi kwenye nepi na kuikamua. Simiyu haijapungukiwa pamba.

Lakini KIM-1 bado ni kipimo cha maabara za utafiti. Huko Blantyre, Malawi, walijaribu kijiti cha mate kinachopima urea, hakihitaji umeme wala sindano. Nakipenda kwa wepesi wake. Hata hivyo urea nayo ni taka, na taka hungoja figo ishindwe ndipo ijikusanye. Kitamnasa aliyezidiwa, hakitamwahi anayeanza kuumia.

Kinachobaki kwa leo ni kriatinini, shahidi anayechelewa, lakini ambaye tunaweza kumfanya achelewe kidogo badala ya kutofika kabisa. Namba moja ya kriatinini haina maana kwa mtu aliyekonda. Namba mbili zina maana. Jenta isicheleweshwe kwa ajili ya maabara, mgonjwa mwenye maambukizi makali hawezi kungoja. Damu inachukuliwa, sindano inachomwa, jibu linafuata. Diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza nayo kuumiza figo, iliyonunuliwa duka la dawa muhimu isitishwe, mgonjwa asiachwe na kiu, na kila siku ya tatu mtu aulize kama jenta bado inahitajika. Ikisimamishwa mapema, seli za kijimfereji huota upya, na wengi hupona ndani ya wiki chache bila kupelekwa Mwanza kusafishwa damu.

Ombi langu kwa tabibu wa zamu ni moja. Kriatinini ya kabla ya sindano ya kwanza iandikwe juu ya chati ya dawa, palepale muuguzi anapoandika saa, kisha irudiwe siku ya tatu na ya tano kwenye mstari uleule.