Rangi Nyingi, Kazi Chache: Uhakiki wa Istilahi za Rangi katika Programu za Simu

Baadhi ya orodha za istilahi za programu za simu zinazotufikia zina kasoro moja: zinajitahidi kutafutia kila rangi jina lake. Mfumo wa Material Design, uliotolewa na Google mwaka 2014, ulikuwa na jamii 19 za rangi, kila moja ikiwa na ngazi kadhaa kutoka nyepesi hadi nzito. Mfasiri anayeazimia kuzitaja zote huishia kwenye "buluu nyepesi", "buluu ya anga", "samawati" na "nili", majina ambayo msomaji hawezi kuyatenganisha kwa hakika.

Kiswahili hakina haja ya mzigo huo. Vivumishi vya rangi vinavyopokea viambishi vya ngeli ni vitatu tu: -eusi, -eupe na -ekundu. Nyinginezo nyingi tunazipata kwa vitu: kijani kwa jani, kijivu kwa jivu, zambarau kwa tunda lake. Huu si upungufu wa lugha. Lugha hutaja rangi kwa kadiri ya haja ya wasemaji wake.

Wasanifu nao, wanapopunguza rangi za kiolesura, huzipanga kwa kazi: ya kitendo, ya onyo, ya kosa, ya usuli. Hapa ndipo tafsiri ya neno kwa neno inapopotosha. Orodha hizo zinaita ile inayotawala kiolesura "rangi ya msingi", na inayoifuata "rangi ya upili". Lakini katika somo la sanaa rangi za msingi ni nyekundu, buluu na manjano, na za upili hupatikana kwa kuzichanganya hizo. Katika programu, inayotawala yaweza kuwa hata nyeusi. Mwalimu atamwelezaje mwanafunzi kwamba nyeusi imekuwa rangi ya msingi? Tunapendekeza "rangi kuu", "rangi saidizi" na "rangi ya mkazo".

Madhara hayaishii darasani. Tumfikirie mkulima wa mwani wa Fumba, aliyetoka majini wakati wa bamvua, jua la mchana likipiga juu ya kioo cha simu. Anataka kupeleka fedha, na maelezo yanamwambia: "Bonyeza kitufe cha kijani." Kwa mwanga ule vitufe vyote viwili vinaonekana vya kijivu, na kama ana upofu wa rangi, huenda asitenganishe kijani na chekundu hata kivulini. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa wavuti, WCAG 2.0 ya mwaka 2008, inakataza kutegemea rangi peke yake kufikisha habari, na kwa maandishi ya kawaida inataka tofauti ya mwangaza isiyopungua 4.5 kwa 1. Tofauti hiyo ni kazi ya msanifu. Maelezo ni kazi yetu: tuandike "Bonyeza Thibitisha", na neno hilo hilo lisomeke juu ya kitufe.

Kwa hiyo, kabla ya kuunda istilahi ya rangi, mfasiri hana budi kujiuliza rangi hiyo inafanya kazi gani. Ikiwa ina kazi, aitaje kazi. Ikiwa haina, huenda si jina linalokosekana, bali rangi yenyewe imezidi, na msanifu aambiwe hivyo.